Dakika Kumi na Nne za Mashuuru

Mutheu alikuwa mwaka wa tatu wa uinjinia, na kwa miaka hiyo mitatu hakuna aliyempa nafasi ya kupumua. Walimu wake walisema anaharibu akili nzuri kwa mambo ya jukwaani. Wenzake wa jukwaani walisema hafiki mazoezini kwa sababu ya hesabu zisizoisha. Mama yake, Phylis, aliyeuza mahindi na maharagwe sokoni Kitengela, alikuwa na neno moja tu, mshika mawili moja humponyoka, na alilisema mara nyingi hivi kwamba Mutheu alilijua kabla mdomo haujafunguka.

Agosti ya mwaka 2004 chuo kilimtuma kwa miezi mitatu akajifunze kazi na kampuni moja ya kuchimba visima mjini Kajiado. Akaambiwa atakuwa chini ya Bwana Njogu, mzee wa makamo aliyechimba visima tangu Mutheu hajazaliwa, na ambaye hakuona faida ya kufundishwa darasani jambo ambalo mikono hulijua. Alimwita Mutheu "injinia", kwa sauti ambayo mtu humwitia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Mwezi huohuo, chama cha maigizo cha chuo kilikuwa kinaandaa mchezo wake wa kwanza mrefu, *Ploti ya Mwisho*. Mutheu mwenyewe alikuwa ameuandika kwa mwaka mzima, nyuma ya madaftari ya hesabu. Ulihusu familia inayouza shamba lake ploti moja moja, mpaka nyanya anapofariki hakuna pa kumzika. Pazia linafungwa jeneza likiwa bado limewekwa uani na watoto wa marehemu wakitazamana. Mchezo ungeonyeshwa Nairobi Jumamosi saa tisa alasiri, na Mutheu alikuwa ameomba ruhusa ya siku hiyo wiki tatu kabla.

Ijumaa wakaenda Mashuuru kupima kisima kipya cha kikundi cha maji cha kina mama. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na inachosha kuifanya. Pampu inawashwa, maji yanavutwa, na mtu anashusha kisimani utepe wenye kengele ndogo inayolia ncha ikigusa maji. Anaandika maji yameshuka mita ngapi: kila dakika mwanzoni, halafu kila dakika mbili, halafu kila dakika tano, saa nane mfululizo. Kutokana na namba hizo ndipo hujulikana kisima kinaweza kutoa maji kiasi gani na pampu ya ukubwa gani inunuliwe. Ikinunuliwa kubwa kupita kiasi, kisima kinakauka na pesa za watu zimelala chini.

Wangeanza saa mbili. Jenereta ikagoma. Bwana Njogu akaifungua, akaipuliza, akaitukana kwa Kikikuyu, na ikawaka saa nne kasoro dakika ishirini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Mutheu alikuwa amemwahidi Ouko, mwelekezi wa mchezo, kwamba saa nne kamili atampigia simu. Mtandao Mashuuru ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa mbali kidogo na kisima.

Dakika ya ishirini ikafika. Mutheu akaandika mita sitini na moja nukta tatu. Bwana Njogu alikuwa ndani ya lori akinywa chai. Mutheu akajiambia dakika mbili zinatosha, akakimbia.

"Sasa, Theu," Ouko alisema. "Kila kitu kiko fiti. Tumebadilisha tu mwisho kidogo."

"Mmebadilisha nini?"

"Ile ya jeneza ni nzito sana. Watu hawawezi kwenda nyumbani hivyo. Sasa yule mnunuzi anakuja, anaguswa moyo, anawarudishia ploti moja. Halafu kuna densi."

"Densi kwenye mazishi?"

"Densi ya furaha, si ya mazishi. Wewe hukuwa hapa, jo. Ungekuwa hapa ungeona vile inaingia."

Mutheu akabishana naye akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu ukiteremka hatua moja sauti ilikatika. Alimweleza kwamba mchezo wote uliandikwa kwa ajili ya jeneza lile. Ouko akasema ndiyo, lakini. Mutheu akaeleza tena. Ouko akasema ndiyo, lakini. Salio lilipokwisha, alitazama saa yake. Ilikuwa dakika ya thelathini na nne. Pampu ilikuwa ikivuta maji peke yake, na daftari lilikuwa chini limefunuliwa na upepo.

Alipima upesi: mita sitini na nne nukta nane. Kati ya namba ile na hii palikuwa peupe.

Bwana Njogu aliteremka kwenye lori, akatazama ukurasa kwa muda. Hakupandisha sauti.

"Hii si shida," alisema. "Hapa ni sitini na moja, hapa ni sitini na nne. Katikati jaza. Si wewe ndiye mtunzi wa michezo? Basi tunga."

Mutheu alikuwa amesikia mengi kuhusu uandishi wake, lakini hilo lilimkera kupita yote. Kwa hiyo hivi ndivyo walivyouona. Miaka yote ile ya kukata na kuandika upya, ya kutafuta neno moja kwa wiki nzima, kumbe machoni pao alikuwa anajifunza kudanganya.

"Siwezi, Bwana Njogu."

"Huwezi au hutaki?"

"Kwa mchezo, kila mtu ameketi akijua ni mchezo. Hawa kina mama hawajaambiwa."

Mzee akamtazama. "Unajua maana yake? Maji lazima yarudi juu kwanza. Tutarudia kesho, kutoka mwanzo. Na kesho ni ile siku yako ya ruhusa."

"Najua."

"Basi nenda umwambie mwenyekiti wewe mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Mwenyekiti wa kikundi cha maji alikuwa Nashipae, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ambaye tangu alfajiri alikuwa ameketi na wenzake kandokando ya mitungi ya plastiki. Mutheu akamsalimu kwa Kimaa, "Sopa, yeyo."

"Ipa," mama akaitikia.

Akamweleza kwamba kipimo kimeharibika na kitarudiwa.

"Mashine imeharibu?"

"Hapana. Ni mimi. Nilienda kupiga simu."

"Simu ya bwana?"

"Simu ya mchezo. Mchezo wa kuigiza."

Nashipae akalitafuna neno hilo. "Mchezo," alisema. Wenzake wakaulizana kwa Kimaa, na mmoja akacheka kidogo, kicheko ambacho Mutheu alitamani asingekisikia. "Tumengoja miaka sita," Nashipae akamwambia mwishowe. "Kesho si mbali. Lakini hiyo simu iache kwa lori."

Jumamosi pampu iliwashwa saa moja na nusu, na jenereta, kana kwamba inamdhihaki, iliwaka kwa mvuto mmoja. Mutheu akakaa juu ya mtungi uliogeuzwa na hakuinuka. Saa tisa alasiri, wakati pazia lilipokuwa likifunguliwa Nairobi, yeye alikuwa akishusha utepe na kuandika, akishusha na kuandika, vumbi limemjaa masikioni.

Jioni wakilinganisha karatasi, Bwana Njogu alitoa penseli na kuonyesha namba ambazo yeye angezijaza pale palipokuwa peupe. Tofauti yake na kipimo cha kweli, palipozidi sana, ilikuwa sentimita nne.

"Nilikuambia," alisema.

Mutheu hakujiona shujaa hata kidogo. Alijiona mjinga aliyekosa siku yake kwa ajili ya sentimita nne, na bado alijua kwamba kama wangerudishwa siku iliyotangulia angefanya vilevile, jambo lililomuudhi zaidi.

Usiku huo akalala nyumbani Kitengela. Jumapili aliamshwa aende kanisani, na huko, wakati wa ushuhuda, mama yake akasimama. Phylis akamshukuru Mungu mbele ya kanisa zima kwamba binti yake ameacha michezo ya kuigiza na kuchagua kazi. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina mara mbili.

"Sijaacha chochote," Mutheu alimwambia wakitoka.

"Ulikuwa na mchezo jana, ukaenda kazi. Hiyo inaitwa nini?"

"Inaitwa kusahihisha kosa langu, Mama."

"Basi Mungu ametumia kosa lako," Phylis alisema, na hapo mazungumzo yakawa hayana mlango.

Ouko alipiga simu alasiri, akiwa na furaha isiyovumilika. Mchezo umependwa. Watu wamecheka, wamesimama, wameitisha densi irudiwe. Tena kanisa moja la Kajiado mjini limewaalika kuuonyesha kwenye ukumbi wake baada ya wiki mbili.

"Uonyeshwe ukiwa na mwisho wangu," Mutheu alisema, "ama utoe jina langu."

"Theu, kwani unataka watu walie?"

"Nataka wauone ule nilioandika. Wakiuchukia, wauchukie huo."

Walivutana siku tano, kila siku kwa salio la mmoja wao. Mwishowe Ouko akakubali, kwa masharti kwamba lawama zote ni za Mutheu. Basi kwa siku zilizobaki alipima visima mchana, akaandika ripoti ya Mashuuru jioni, na mwisho wa wiki akaenda mazoezini kuwaondoa waigizaji kwenye densi waliyokuwa wameizoea. Msichana aliyemwigiza binti mkubwa alinuna mpaka mwisho.

Mutheu hakumwalika mama yake. Phylis alikuja mwenyewe, baada ya kusikia kanisani kwao kwamba onyesho liko kanisani Kajiado, akaketi safu ya pili na mkoba magotini.

Mwisho ulipofika, jeneza lilibaki uani, watoto wakatazamana, taa zikazimwa. Hakuna aliyepiga makofi. Kimya kilikaa mpaka Ouko, aliyesimama ukutani, akamgeukia Mutheu kwa uso wa mtu aliyesema tangu mwanzo. Kisha makofi yakaanza, machache, yasiyo na hakika, na watu wakatoka wakizungumza kwa sauti ya chini.

Mutheu na mama yake waliingia hoteli ndogo kunywa chai kabla ya safari. Phylis alikoroga sukari muda mrefu.

"Huyo nyanya," alisema, "walimzika wapi?"

"Mama, ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Nakuuliza walimzika wapi."

"Sijui. Unaisha hapo."

"Mtu haandiki jambo kama hilo halafu aseme hajui." Phylis alisukuma kikombe. "Nina ile ploti moja tu, Mutheu. Juzi mtu alikuja kuniuliza bei, na sikumfukuza."

Ripoti ya Mashuuru ilikuwa kwenye mkoba wa Mutheu, imebaki mchoro mmoja, na ilitakiwa chuoni Jumatatu asubuhi. Aliitisha chai nyingine, akamwuliza mama yake ni mtu gani huyo, na alitaja bei gani.