Bomba Lililozinduliwa Mara Tatu

Mama yangu mzazi haangalii taarifa ya habari ninayoisoma mimi. Kila Jumamosi anamsubiri Kibogoyo, mchekeshaji wa kituo hicho hicho cha televisheni ninachofanyia kazi, eti ndiye anayempa habari.

Jumamosi iliyopita nilikaa naye sebuleni, nimenuna. Kibogoyo hakusema neno. Alirusha tu taarifa zangu za miaka mitatu mfululizo: waziri yule yule anakata utepe mbele ya bomba lile lile, nami nasoma kwa macho makavu, "Kwa mara ya kwanza, wakazi watapata maji." Mara ya tatu bomba likakohoa hewa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, hukuona kwamba ni bomba lile lile?"

"Mama, mimi nasoma ninachoandikiwa."

"Na mwenzio yeye ana macho gani?"

Jumatatu nikamvaa Kibogoyo kwenye korido, nikamwambia akome kunigeuza kichekesho. Alinisikiliza kwa adabu zote mpaka nikamaliza.

"Dada, mimi sijaongeza hata nukta," akasema. "Ila nakuomba usije ukaacha kazi. Sina mwandishi mwingine wa vichekesho."