Mabishano Kwenye Mafunjo ya Nyasore

Damu ya Opondo ilikuwa imeacha kuruka, lakini haikuwa imeacha kutoka. Nelima, daktari wa kikosi, alikuwa amepiga magoti majini, kiganja kimoja kimekandamiza paja la yule koplo, kingine kimeshika mkanda aliokuwa ameukaza juu ya jeraha. Jua lilikuwa limechomoza. Mafunjo waliyojificha ndani yake, ambayo gizani yalionekana mazito kama ukuta, sasa yalikuwa yanapitisha mwanga kila upande.

Sajini Joram Mukhwana alitazama yote hayo akajua kwamba wamekwisha.

Walikuwa watu wanne wa kikosi maalum, wametumwa kutoka Kisumu hadi Nyasore, kisiwa kidogo chenye kilima kimoja, ambako kundi la watu wenye bunduki lilisemekana kujificha baada ya kuwapora wavuvi wa pwani nzima ya ziwa. Kazi yao ilikuwa kutazama na kuondoka. Wajue kundi hilo lina watu wangapi, wanalala wapi na silaha zao wanaziweka wapi, kisha warudi kabla ya kupambazuka bila mtu kujua kwamba walifika. Kikosi kikubwa kingekuja baadaye.

Kutazama walikuwa wametazama. Kurudi ndiko kulikowashinda. Ile ghuba ambako boti iliwashusha, na ambako ingewafuata wakiiita kwa redio, waliikuta imefungwa na magugu maji kutoka ukingo hadi ukingo, yamesukumwa na upepo wakiwa juu ya kilima. Wakaanza kutembea ufukweni wakitafuta mwanya mwingine, na hapo wakagongana uso kwa uso na walinzi wawili wa lile kundi. Risasi zikalia. Opondo akaanguka. Walimbeba wakakimbilia upande wa magharibi na kuzama kwenye mafunjo, na tangu wakati huo redio ilikuwa haitoi kitu ila mvumo. Kilima kizima kilisimama kati yao na Kisumu.

"Tungekuwa na mahali pa pili pa kuchukuliwa," Joram alisema kwa sauti ya chini, "saa hii tungekuwa nyumbani."

Kapteni Gichuki hakugeuka. Alikuwa anajaribu redio tena.

"Palikuwepo kwenye mpango," alisema. "Nilipaondoa. Tulipewa boti moja, na boti moja haiwezi kupangiwa sehemu mbili."

"Ulipaondoa baada ya Opondo kusema ghuba itakuwa wazi."

"Ndiyo. Na wewe ulikuwa umekaa pale. Ulisema nini?"

Joram alikumbuka vizuri alichosema. Alisema sawa, afande. Mkutano ulikuwa umerefuka, chakula cha mchana kilikuwa kimeanza kunukia kutoka mesi, na Opondo, mzaliwa wa Kisian, aliyekulia majini, alikuwa ameegemea ramani na kueleza kwa uhakika wote kwamba mwezi huo upepo husukuma magugu upande wa Homa Bay. Nani angembishia Opondo juu ya ziwa? Yeye mwenyewe Joram ni mtu wa Webuye, mbali na ziwa.

"Wekeni lawama zote kwangu," Opondo alisema. Hawakujua kama anasikia. Midomo yake ilikuwa imekauka na maneno yalitoka yakiwa yamekatika. "Ni mimi nilisema itakuwa wazi. Omera, ndugu yangu, wekeni kwangu. Mtu akishakufa hawamfanyi kitu."

"Nyamaza," Nelima alimwambia. "Hujafa."

"Si suala la magugu peke yake," Joram aliendelea. Alijua anapaswa kuacha, lakini hofu haikuwa na njia nyingine ya kutokea. "Tulikaa sana kule juu. Tulikuwa tumeona kila kitu. Nilikuambia twende."

"Makao makuu walitaka kujua kama mkubwa wao yumo kwenye kile kibanda cha mabati."

"Na hatukumwona."

"Hatukumwona."

"Basi tumekaa bure, na magugu yamefunga wakati tumekaa bure."

Gichuki aliiweka redio juu ya begi. Alikuwa mwanamume mrefu, mtulivu, aliyezaliwa Nyeri na kuoa mfanyabiashara wa Kondele, pale Kisumu, na katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja Joram hakuwahi kumwona akisita. Sasa alikaa, maji yakimfika kiunoni, kama mtu anayehesabu makosa yake mwenyewe na kuona bado hayajaisha.

"Tusiposikika, boti itakuja yenyewe asubuhi hii," alisema. "Hilo liko kwenye mpango na sikuliondoa."

"Itakuja ghubani. Itakuta magugu, igeuke irudi."

"Huenda ikazunguka."

"Huenda."

"Giza likiingia nitapanda na redio. Nikifika nusu ya kilima Kisumu watanisikia. Mchana huu haiwezekani; nyasi ya kilimani imeungua yote, hakuna pa kujificha."

Nelima aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa na matope na macho yake mekundu. "Mnabishana kama watu wenye wiki nzima," alisema. "Huyu haoni jioni. Nimekaza mkanda mpaka mwisho na bado anatoka damu. Mkitaka kungoja giza, semeni tu kwamba tunamngojea afe, ili nijue kazi ninayofanya hapa."

Kutoka ng'ambo ya mafunjo walisikia sauti za watu wakiitana. Walikuwa mbali bado, lakini walikuwa wanakuja wakipekua ufuko polepole.

Hapo ndipo Joram aliposema neno ambalo baadaye angetamani lirudi. Hakupaza sauti. Alisogea mpaka karibu na sikio la kapteni.

"Mpango ulikuwa wako, afande. Opondo akifia hapa, yeyote atakayeniuliza nitamwambia hivyo."

Gichuki alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo Joram aliloshindwa kulibeba baadaye. Kapteni alivua begi, akaivaa redio mgongoni, akaangalia bunduki yake.

"Msogezeni mpaka kwenye ncha ya mafunjo, pale maji yalipo wazi," alisema. "Nitawaambia waje hapo. Joram, mchunge Opondo."

Joram angeweza kusema niende mimi. Alikuwa mwepesi kuliko Gichuki na redio aliijua vilevile. Alipofungua mdomo, kapteni alikuwa ameshaingia kati ya mashina ya mafunjo, nayo yakajifunga nyuma yake.

Walimvuta Opondo juu ya maji wakiwa wamemlaza kwenye mabegi yaliyofungwa pamoja, Nelima akishika paja, Joram akishika mabega. Walipofika kwenye ncha Joram aliweza kukiona kilima kupitia mwanya. Alimwona Gichuki akitambaa kwenye ile nyasi nyeusi, mdogo sana, kisha akimaliza kutambaa na kuanza kukimbia akiwa ameinama, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kujikinga nyuma yake. Redio ndogo kifuani mwa Joram, ile ya kuongea wao kwa wao, ikakwaruza. Sauti ya kapteni ilikuja ikiwa imekatwakatwa na pumzi: ncha ya mafunjo, upande wa magharibi, majeruhi mmoja, msiende ghubani. Alirudia tena, taratibu, kama mwalimu anayesoma imla. Halafu akasema kwamba Kisumu wamemsikia.

Kisha milio ya bunduki, mingi kwa pamoja. Nelima hakutazama juu. Joram alitazama, lakini nyasi nyeusi ilikuwa tupu.

Boti ilitokea mapema kuliko alivyotarajia. Ilizunguka kisiwa kwa kasi, bunduki zake zikawarudisha nyuma wale waliokuwa ufukweni, na Opondo akapandishwa akiwa bado anapumua. Kikosi kikubwa kilivamia Nyasore mchana uleule, bila mpango wowote wa maana sasa, na jioni kikarudi na mwili wa Gichuki.

Kamati ya uchunguzi ilikaa katika chumba chenye madirisha yanayotazama ziwa. Mwenyekiti alikuwa kanali kutoka Nairobi, mtu mwenye sauti ya upole. Walijadili picha zilizopigwa kutoka angani kabla ya safari, wakakubaliana kwamba zilikuwa za zamani. Walijadili mahali pa pili pa kuchukuliwa. Walijadili muda uliopotea kilimani. Joram alijibu kila swali, na kwa muda alifikiri kwamba ukweli wote utatoka, kipande kwa kipande, na kila mtu atachukua chake.

Kisha akaitwa nahodha wa boti, anayeitwa Naswa.

"Mlipoondoka bandarini mlikuwa mmeshasikia ujumbe wa kapteni?" kanali aliuliza.

"Hapana, afande. Tuliondoka kwa sababu walikuwa hawajasikika. Hivyo ndivyo tulivyoagizwa."

"Ujumbe ulipofika mlikuwa wapi?"

"Karibu na kisiwa. Nilikuwa nimeshaona ghuba imefungwa. Nilikuwa nageuza nizunguke upande wa magharibi."

Kanali aliliandika jibu hilo.

"Ungewapata bila ule ujumbe?"

Naswa alipima jibu lake. "Labda. Mafunjo ni mengi upande ule. Labda ningewapata, labda ningewapita."

"Kwa hiyo kapteni hakulazimika kupanda," kanali alisema, akimgeukia Joram.

"Hatukujua, afande. Na koplo alikuwa anakufa."

"Kamanda alijua boti itakuja. Mpango ulikuwa wake."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yametoka mdomoni mwa mtu mwingine, na Joram aliyasikia kwa mara ya kwanza jinsi Gichuki alivyoyasikia.

"Ni mimi niliyemsukuma," alisema. "Alitaka kungoja giza. Nilimwambia Opondo akifa nitasema ni yeye. Na kukaa kilimani hakuamua yeye, aliagizwa. Boti moja hakuichagua, alipewa. Opondo alisema ghuba itakuwa wazi na sisi wote tukakubali. Mimi nilikubali."

Kanali alimsikiliza mpaka mwisho. "Sajini, aliyekuwa na amri pale kisiwani ni nani?"

"Kapteni Gichuki."

"Asante. Unaweza kukaa."

Nelima aliposimama alisema kwamba kama kapteni asingepanda, boti ingewapita na leo wangekuwa wamezikwa watu wanne. Naye aliambiwa asante, akae.

Walipotangaza matokeo, kila neno lilikuwa kweli. Kamanda aliondoa mahali pa pili pa kuchukuliwa. Kamanda alikaa zaidi ya muda uliopangwa. Kamanda alijianika mchana mbele ya adui. Juu ya wale waliotoa boti moja na kuagiza watu wakae zaidi, hakukuwa na neno.

Opondo alikuwa hospitalini, mguu umekatwa juu ya goti. Lornah, mke wake, alimshika Joram mikono miwili mlangoni. "Shemeji, ero kamano, asante sana," alisema. "Mmenirudishia baba ya watoto." Joram hakuweza kumtazama. Alikwenda mpaka kitandani, akamweleza Opondo matokeo.

"Niliwaambia muweke kwangu," Opondo alisema.

"Wameweka kwa Gichuki."

Opondo aligeuza uso ukutani. Lornah alikuja na kikombe cha uji, akakaa akimngoja ageuke, na hakugeuka.

Kwa Mumbi, mjane wa Gichuki, Joram alikwenda mwisho, kwa sababu alikuwa ameahirisha mpaka akaishiwa visingizio. Duka lake lilikuwa Kondele, la sufuria na thamosi, karibu kabisa na stendi ya bodaboda. Alikuwa ameshalifungua tena. Alivaa leso nyeusi kichwani na alikuwa anafuta vumbi kwenye vifuniko.

"Wamenipigia simu," alisema kabla Joram hajaketi. "Wanasema ni makosa yake. Ni kweli, shemeji?"

"Ni kweli, lakini si yote."

"Basi nipe yaliyobaki."

Akampa. Alimweleza mkutano na ghuba, kilima, paja la Opondo, sauti za wale waliokuwa wanakuja. Alimweleza alichomnong'oneza mumewe sikioni. Alimweleza habari ya boti iliyokuwa njiani. Mumbi alisikiliza akiwa ameshika kifuniko kimoja muda wote.

"Ungenyamaza, angekuwa hai?"

"Sijui. Huenda Opondo angekuwa amekufa."

"Sikukuuliza Opondo."

Mteja mmoja alisimama mlangoni akiuliza kama kuna sufuria kubwa ya kupikia sherehe. Mumbi akamwonyesha, wakaelewana, akamfungia kwa gazeti na kamba. Mteja alipoondoka alibaki amesimama akitazama barabara.

"Hayo uliyoniambia, uliwaambia wao?"

"Niliwaambia. Hawakuyatia kwenye ripoti."

"Rudi ukawaambie tena."

"Hawatanisikia, Mama."

"Sijasema watakusikia." Sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Watoto wangu watasoma shule na watoto wa maaskari. Wataambiwa baba yao alikufa kwa ujinga wake. Rudi ukaseme. Na usije hapa kunitafuta nikusamehe, kwa sababu leo sina."

Joram alirudi. Kanali alikuwa ameshaondoka, na ofisa mwingine alimpokea, akamsikiliza kwa adabu, akamwambia faili limefungwa. Alirudi tena baada ya hapo. Wakampa kiti, akangoja mpaka ofisi ikafungwa. Mara ya tatu alimkuta Nelima kwenye benchi la ukumbini, amevaa sare kamili, kofia mapajani.

"Wamekuambiaje?" Joram alimuuliza.

"Kwamba faili limefungwa."

"Na bado umekaa."

"Sina pengine pa kuyasema haya," Nelima alijibu, akamsogezea nafasi.