Mashua Yenye Majina Sita

Tangazo la kuuza aliliandika mwenyewe, na uongo wake ulikuwa wa kiasi: mashua ya mbio za baharini, miili mitatu, historia ndefu, hali nzuri. Historia ilikuwa ndefu kweli. Hali nzuri ilikuwa rangi tu.

Gwenolé Kermarec alikuwa na miaka sabini na mbili na nyonga ya bandia, na mkewe Soazig alikuwa amemwambia achague: auze mashua au ahamie humo. Pale kwenye bandari ya La Trinité mashua ya mbio huitwa jina la anayeigharamia, basi hii ilikuwa imeshaitwa soseji, godoro, rangi ya nywele na bima ya ng'ombe. Mwaka alioshinda mbio za kuvuka Atlantiki iliitwa dawa ya kufungua choo. Bandari nzima ilimpokea kwa shangwe, naye akashuka amevaa jina hilo kifuani, mgongoni na kwenye kofia, na hakuna mtu aliyekuwa na furaha kumzidi. Mwanawe ilibidi ahamishwe shule.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Bwana Rouxel, mwenye hoteli, mtu wa manukato mengi. Alikanyaga wavu uliotandazwa kati ya ile miili mitatu ya mashua kama anayekanyaga kinyesi.

"Meza nane," akasema. "Naipandisha kwenye nyasi mbele ya hoteli, watu wanakula chapati zao za ngano nyeusi juu yake. Na lile jina la ushindi wako nalirudisha, Kapteni. Wageni watacheka mpaka basi."

"Haitagusa maji tena?"

"Mvua ikinyesha."

Gwenolé alisema atafikiri. Ukweli ni kwamba alishawishika, maana Rouxel alitaja kibao cha shaba chenye jina la mzee mwenyewe.

Wa pili alikuwa Enora Le Dantec, nahodha wa miaka ishirini na tisa. Huyu aliingia ndani ya mwili wa kushoto kwa tumbo, akigonga kila shubiri kwa mpini wa bisibisi. Akatoka ananuka, nywele zimejaa utando wa buibui.

"Babu, wewe ni mwongo."

"Heshima, binti."

"Huku kumepasuka mahali pawili, ukapaka rangi juu yake."

"Patatu," akasema Gwenolé kabla hajajizuia.

Enora akacheka. "Naichukua. Naifumua yote, naijenga upya. Novemba niko kwenye mbio."

Mzee akachangamka. "Nani anakugharamia?"

Binti akaangalia viatu vyake. "Kerdrel na Wanawe."

"Wale wazika maiti?"

"Maandishi meupe, tanga jeusi."

Gwenolé alishika mti uliokuwa karibu ili kufukuza balaa, nao ulikuwa mpini wa brashi. Huyu ni mtu ambaye tangu azaliwe hajatamka neno sungura akiwa baharini, kwa kuogopa mkosi. Leo mashua yake iandikwe mazishi!

"Hapana. Shuka."

"Nimehangaika mwaka mzima, babu. Wauza jibini wamenikataa, wauza mabomba wamenikataa, wafu tu ndio walionipokea. Wewe wale wa choo uliwauliza maswali mangapi?"

Hakuwauliza hata moja. Akaenda nyumbani kwa hasira, akamsimulia Soazig yote akitegemea kuhurumiwa. Soazig alikuwa anamenya viazi.

"Kwa hiyo bora watoto waimwagie aiskrimu hotelini kwa Rouxel."

"Jina lile lina mkosi!"

"Uliipindua mara mbili ikiitwa godoro. Kuna aliyelilaumu godoro?"

Kesho yake asubuhi Gwenolé akatia sahihi mkataba wa kumuuzia Enora mashua, hamtazami usoni. Hakumpigia Rouxel hata simu.

Oktoba mashua ilipotolewa kujaribiwa, wahuni wa bandari walivua kofia, na mmoja akapiga ishara ya msalaba. Gwenolé alikuwa ameapa hatakanyaga pale. Alikuwa mstari wa mbele tangu saa moja asubuhi, Soazig ubavuni. Upepo ukaingia, tanga jeusi likajaa, mashua ikainua mwili mmoja hewani ikaondoka kwa kasi ambayo mikononi mwake haikuwahi kuifikia, hata ule mwaka wa ushindi. Wivu ulimchoma. Kisha akalia waziwazi, makamasi na yote, kwa furaha.

"Siku yangu ikifika," akamwambia mkewe, "nipeleke kwa hao hao Kerdrel. Na waambie wasinikawize."