Kiganja cha Mariamu Chakataa Kufumbuka

Baada ya sala ya adhuhuri, mkunga Nuweira, mama yake Rashed, alimimina maji kwenye bakuli, akatia kiganja cha Mariamu kilichokauka, akaliweka karibu na kichwa cha Salma aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mmea huo huota bondeni tu, kwenye changarawe iliyopitiwa na mafuriko. Vijiua vyake vyeupe ni vidogo kama punje za mchele. Jua likizidi, majani hupukutika na vitawi hujikunja kama ngumi, vikishika mbegu mpaka maji yarudi. Ukifumbuka bakulini, mtoto naye hutoka.

Huu haukufumbuka. Ulijikaza, na kila ulipojikaza Salma alivuja damu.

"Umeuchuma wapi, Mama Rashed?" aliuliza Awda, mume wa Salma, nyuma ya pazia la hema.

"Pale ulipomuua dada yako. Mwaka huu haukuota kwingine."

Awda alikuwa msoma nyayo. Kiangazi kilichopita aliona bondeni nyayo peku za mwanamke zikiingia, na za viatu vya kiume zikitoka. Hessa, dada yake, alisema alikwenda kumchumia mkunga mmea huo, changarawe ya moto ikamchoma, akavaa viatu vya marehemu baba yao alivyobeba. Awda alimburuta hadi bondeni, akampiga jiwe akidai jina la mwanamume, mpaka hapakuwa na mdomo wa kujibu.

Sasa nyayo peku zilijichora mchangani humo hemani, zikamzunguka Salma. Za viatu zikafuata, zikielekea nje. Mama yake Awda alisogeza sinia la chai lisikanyagwe.

"Zisome," alisema Nuweira.

Awda alipenya pazia. "Mwanamke. Na mwanamume."

Mmea ulijikaza. Salma alipiga ukelele, mkeka ukalowa damu.

"Soma vizuri, mlaaniwa we! Mkeo anakwisha!" Nuweira alimkemea.

Awda alipiga magoti, akapima kwa vidole. "Unyayo wa kushoto unapinda ndani," alisema taratibu. "Peku, na kiatuni."

"Wa nani?"

Salma alimkamata kanzu. "Sema, Awda! Utanizika na mwanao tumboni?"

"Wa Hessa. Alikuwa peke yake."

Mmea ulifumbuka, mbegu zikatawanyika majini. Mtoto wa kike akateleza mikononi mwa Nuweira, akalia.

"Alhamdulillahi," alisema mama yake Awda, akichukua ufagio kuzifuta nyayo. "Na hayo yaishie humu humu."

Hayakuishia humo. Nuweira aliwaendea wazee na damu ya Salma ingali mikononi, akaomba Hessa, aliyezikwa kule bondeni, ahamishiwe makaburini kwa watu wake.

"Kaburi halifukuliwi kwa ajili ya viatu, mama," walimjibu. "Nenda ukapumzike. Umefanya kazi njema." Wakachinja mbuzi kwa kuzaliwa kwa mtoto.

Asubuhi walifika wanaume wa ukoo wa jirani. Binti yao alionekana kisimani, na mchangani kulikuwa na nyayo za watu wawili.

"Tunakutaka wewe ukazisome, Awda. Macho yako hayakosei."

Awda alimaliza chai yake, akapanda gari lao.