Maombi ya Mzee Kidole

Séraphine alipoomba alifumba macho kwa nguvu hadi mashavu yakapanda, na hiyo ndiyo sababu watu walimwamini. Kanisani kwao Kabalagala, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati, akipewa maombi ya kufunga ibada kina mama walivua viatu kabisa, maana walijua bado wapo sana.

Hakuwa mchungaji wala shemasi. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu anayeandika chochote kwa yeyote. Tangu atoke Uvira na kufika Kampala alikuwa ameandika maelezo ya dawa ya mba, hotuba ya bwana harusi mwenye kigugumizi, na tangazo la msiba la mtu ambaye wiki iliyofuata alionekana Ntinda akinunua maziwa. Kati ya kazi zote hizo, mbili zilimganda.

Ya kwanza ilikuwa kuhakiki magemu ya simu kwa tovuti moja ya Nairobi. Alicheza, kisha akaandika ukweli wake kwa jina la Mzee Kidole. Wasomaji waliamini kwamba Mzee Kidole ni babu mwenye ndevu na hasira. Séraphine aliwaacha waamini, kwa sababu mchungaji wake alihubiri kwamba magemu ni kazi ya shetani. Yeye aliyecheza mengi hakukubali. Shetani anayetajwa kwenye Biblia alikuwa fundi. Hangeweza kutoa kazi mbovu namna ile.

Ya pili ilikuwa kusindikiza watoto. Mwanamke mmoja aitwaye Kaltumi alikuwa na kampuni ya kutafutia watoto nafasi kwenye matangazo na filamu, na kila mtoto alitakiwa kuwa na mtu mzima wa kukaa naye siku nzima: kuhakikisha anakula, anapumzika, anakwenda chooni, na hafokewi na mtu. Kaltumi alitaka mwanamke anayejua Kiswahili, asiyelewa pombe wala usingizi. Séraphine alifaa.

"Sikiliza, Séra," Kaltumi alimwambia kwenye simu jioni moja. "Kuna filamu inakuja Jinja. Miezi mitatu, watoto sita. Wasindikizaji wanapewa chumba kila mtu na chake."

"Chumba kina mlango?"

"Kitakosaje mlango?"

Séraphine alikuwa na sababu ya kuuliza. Chumba alichoishi kilikuwa cha dada yake, shemeji, watoto wao wanne na pazia. Upande wake wa pazia ndiko alikoomba, alikoandika, na alikocheza magemu chini ya blanketi sauti ikiwa imezimwa, akimuua huyu na kumrukia yule huku shemeji akikoroma. Kwake mlango ulikuwa jambo kubwa. Alikuwa ameuombea kwa jina, pamoja na bawaba.

"Nataka kukupa wewe," Kaltumi alisema. "Lakini kesho una tangazo la Ggaba. Wenye tangazo wakinipigia kulalamika, hata lalamiko moja, Jinja anaenda Olivia. Umenielewa?"

"Olivia anasinzia."

"Anasinzia kimya. Halalamikiwi."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Séraphine alikuwa Ggaba, karibu na mahali mitumbwi inaposhusha samaki, ameshika mkono wa mtoto wa miaka minane aitwaye Aryemo. Mama yake Aryemo alikuwa askari polisi, na mtoto alikulia kambini, ambako Kiswahili ndicho kilichotumika kugombania bomba la maji. Tangazo lilikuwa la soko la Kenya na Kongo, ndiyo maana alichaguliwa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa juu ya pikipiki iliyosimama, amekumbatia sato mkubwa, aseme, "Panda tukimbie."

"Anti, tangazo la nini?" Aryemo aliuliza.

"La gemu."

"Gemu gani?"

Séraphine alitazama bango ambalo kijana mmoja alikuwa akilifunga kwenye nguzo. Liliandikwa BODA YA BABA.

Alilijua gemu hilo. Mwezi uliopita Mzee Kidole alilipatia nyota moja na nusu, akaeleza kwamba ile nusu ameitoa kwa huruma.

"Naijua hiyo," Aryemo alisema. "Mbaya."

"Nyamaza, mwanangu."

"Samaki inaoza haraka sana."

"Nyamaza kwa upendo, basi."

Mwenye gemu alikuja kuwasalimia. Aliitwa Ocira, kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi likakata tamaa. Alimwita Séraphine mama, akampa kiti, akamletea Aryemo soda. Alikuwa mwema kiasi cha kumtia mtu aibu. Pembeni yake alikuwa Travis, aliyeliandika gemu lenyewe kwa kompyuta, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, na Nasike, mwongozaji aliyetoka Nairobi, ambaye tayari alikuwa anatazama jua na samaki kwa zamu.

"Tuanze kabla huyu samaki hajaharibika," Nasike alisema.

"Tuombe kwanza," Ocira alisema.

Hapo hapakuwa na la kujadili. Kampala hata kikao cha kuvunja ndoa hufunguliwa kwa maombi. Watu waliweka chini vitu vyao, wakavua kofia. Ocira alitazama huku na huku, akaona rozari ya kijani aliyoivaa Travis kama pambo, akaipita. Akaona gauni la kwaya alilovaa Séraphine.

"Mama, utuombee."

Ni kweli kwamba angeweza kukataa. Angesema ana mafua. Lakini mtu wa maombi akiambiwa aombe ni kama mchezaji akitupiwa mpira. Mguu unajibu kabla ya kichwa. Séraphine alifumba macho, mashavu yakapanda.

Aliamua atabaki kwenye mambo ya jumla.

"Baba, tunakushukuru kwa asubuhi hii. Tunakushukuru kwa ziwa hili, ulilolitandaza bila kuomba kibali kwa mtu. Tunakushukuru kwa mtoto Aryemo, kwa pikipiki hii, na kwa samaki huyu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya tangazo."

"Amina," walisema.

Ilikuwa inakwenda vizuri. Angemalizia hapo hapo, na huenda leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Ocira aliinama akamnong'oneza, "Mama, ombea gemu. Tumehangaika nalo sana."

Na hapa ndipo shida ilipoingia. Kanisani kwao Séraphine walifundishwa wasimpelekee Mungu maombi ya kuzungukazunguka. Kama ni goti, taja goti, la kulia au la kushoto. Isitoshe, Séraphine alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja. Kwenye makala angeweza kukata kona. Kwenye hotuba ya harusi aliwahi kumwita bwana harusi hodari. Lakini macho yakishafumbwa, hakusema uongo. Hakuweza kumwambia Mungu kwamba gemu lile ni zuri, kwa sababu Mungu alikuwepo chini ya blanketi siku ile alipolicheza, na alisikia aliyoyasema.

"Baba, tunakukabidhi Boda ya Baba," alisema polepole. "Wewe unalijua gemu hili. Unaiona hatua ya nne, Bwana. Unamwona yule samaki anayetoka hapa Ggaba kwenda Kabalagala, anavyooza kabla ya injini kuwaka. Mguse samaki huyo."

"Amina," alisema Travis, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisema jambo hilo kwenye vikao bila kusikilizwa.

Séraphine alijaribu kukomea hapo. Hakuweza. Maombi yalikuwa yameshika mteremko.

"Mtazame abiria, Baba, ambaye magoti yake yanapinda nyuma kama ya korongo. Wewe uliyeumba magoti unajua yanakoelekea. Utazame ukuta wa pale Ntinda, ambao boda inaupenya kama hewa. Kupenya kuta milango ikiwa imefungwa ni kazi ya Mwanao peke yake, Bwana, si ya pikipiki. Na ule muziki. Baba, ule muziki. Uturehemu."

"Uturehemu," Travis aliitikia kwa uchungu.

"Mpe Ocira, mtumishi wako, uvumilivu wa kurekebisha. Umpe Travis usingizi. Katika jina la Yesu."

"Amina," walisema wote, isipokuwa mmoja.

Séraphine alifumbua macho. Ocira alikuwa amemkazia macho, na bila shaka alikuwa amemkazia tangu kwa korongo. Maombi hayakatizwi, hivyo alisubiri kwa adabu hadi mwisho, huku shingo ikimvimba.

"Magoti ya korongo," alisema.

Séraphine alirekebisha kitambaa cha kichwa.

"'Samaki anaoza kabla ya injini kuwaka,'" Ocira aliendelea. "Mama, hayo maneno nayajua. Nimeyabandika chooni ofisini. Nayasoma kila siku nikiwa nimekaa."

"Ni maneno ya kawaida."

"Ni ya Mzee Kidole. Neno kwa neno. Wewe ni binti yake?"

Hapo alipewa mlango wa kutokea, na lazima isemwe kwamba aliutazama. Macho yalikuwa wazi, maombi yalikuwa yameisha, na Jinja ilikuwa mbele yake na bawaba zake. Lakini Aryemo alikuwa amemwinulia uso, akinyonya soda, akisubiri kujua watu wazima hufanya nini.

"Kidole ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kidole ana ndevu."

"Hana."

Travis aligeuka, akaanza kukagua kamba za bango ambazo hazikuwa na tatizo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mimi nilikupa kiti," Ocira alisema taratibu. "Mtoto wako nikampa soda. Nikakupa na maombi. Wewe ukanishtaki kwa Mungu mbele ya wafanyakazi wangu. Naomba uondoke."

"Akiondoka yeye, mtoto anaondoka," Nasike alisema bila kumtazama mtu. "Ndiyo masharti ya kampuni yao. Na huyu samaki, boss, mimi niko naye hapa. Ameanza."

"Hii samaki inanuka," Aryemo alithibitisha.

Ocira alitoa simu. Alimpigia Kaltumi, akaweka sauti ya juu ili mwenye makosa asikie. Séraphine alikaa kwenye kiti alichopewa na kuanza kuuaga mlango wa Jinja moyoni, kwanza kitasa.

"Nina malalamiko," Ocira alisema.

"Enhe," ilisema sauti ya Kaltumi. "Amemwacha mtoto?"

"Hapana."

"Amelala? Amempiga? Amekuja amechelewa?"

"Hapana. Mtoto yuko sawa, anakunywa soda."

"Basi amefanya nini?"

Ocira alitafuta namna ya kulisema. Haikupatikana nyingine. "Ameomba," alisema.

"Ameomba pesa?"

"Ameomba Mungu. Tulimwambia afungue kwa maombi. Ameomba vibaya."

"Vibaya vipi? Ametukana?"

"Amesema gemu langu lina kasoro."

"Halina?"

Travis alikohoa. Ocira alimtazama, kisha akatazama ziwa, kisha akamtazama samaki. "Lina," alisema. "Lakini ndipo mahali pa kusemea?"

"Ndugu yangu," Kaltumi alisema, "mimi ni Mwislamu. Siwezi kuanza kuamua Mkristo gani ameomba vizuri na gani ameomba vibaya. Kesho mtaniletea nani aliyeimba puani. Lalamiko ninalopokea ni la mtoto. Lipo?"

"La mtoto halipo."

"Haya. Séra, najua unasikia, unapumua kama treni. Jumatatu uje ofisini, na uje na koti la mvua. Jinja inanyesha."

Simu ikakatika. Séraphine alitaka kushukuru kwa sauti, akaona si wakati wake.

Walirekodi. Aryemo alikaa juu ya pikipiki, akamkumbatia sato huku amebana pumzi, akasema "Panda tukimbie" kwa uso wa mtu anayetaka kukimbia kweli, na Nasike akasema hajawahi kupata mtoto anayeigiza namna ile. Mchana Séraphine aliwasimamisha wote mtoto ale, akamnawisha mikono kwa ndimu. Ocira hakumsemesha. Alimletea sahani ya chakula kama wengine, ila aliiweka mbali kidogo, ili ainuke kuifuata.

Jioni vyombo vilipofungwa, na samaki akawa amezikwa kwa heshima nyuma ya kibanda, Travis alimsogelea Séraphine akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ule ukuta wa Ntinda, uliupenya ukiwa na mwendo gani?" Kabla hajajibu, Ocira alipiga makofi.

"Tufunge kwa maombi," alisema. "Leo naomba mwenyewe."

Watu walivua kofia tena. Séraphine alifumba macho.

"Baba," Ocira alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa tangu saa za mchana, "wewe unajua yote. Unajua kwamba Mzee Kidole alicheza toleo la zamani. Unajua toleo jipya lilitoka tarehe mbili, na kwamba magoti yalisharekebishwa, Bwana, la kushoto kabisa, la kulia bado kidogo. Unajua simu anayotumia, ile niliyoiona leo, iliyopasuka kioo. Je, Baba, tumlaumu samaki au tuilaumu simu?"

Séraphine alikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Lakini maombi hayakatizwi. Alibana midomo, mashavu yakapanda hadi karibu na paji la uso, na Aryemo, aliyekuwa amefumbua jicho moja, baadaye aliwahadithia watu wa kambini kwamba Anti alionekana kama anaota meno.

Ocira aliendelea kwa muda mrefu. Alipitia uhakiki wote, aya kwa aya. Kuhusu muziki alisema tu, "Muziki, Bwana, alitunga shemeji yangu, na wewe unajua mambo ya shemeji."

Hapo Séraphine, aliyekuwa na shemeji yake mwenyewe nyuma ya pazia, alisema "Amina" kabla ya wengine wote, na alimaanisha.