H Tatu za Mwalimu

Katika makao yale ya wazee, dawa kuisha halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuacha kisanduku kitupu kwenye karatasi ya dawa. Mzee angeweza kukata roho mbele ya meneja na meneja asishtuke, mradi karatasi imejaa.

Basi vidonge vya kifafa vya Mwalimu, mstaafu wa chumba cha nne, vilipokwisha, muuguzi wa zamu ya asubuhi aliandika H. Haipo. Kesho yake H. Keshokutwa H tena, kwa mwandiko safi kabisa. Tusimsingizie, duka la dawa alilipigia simu. Wakamwambia mzigo uko njiani. Sijui mzigo huo ulikuwa unatambaa. Kumpigia daktari abadilishe dawa? Meneja alishapiga marufuku kumsumbua daktari kwa vitu vidogo, na muuguzi hakutaka kumwaga unga. Akafyata mkia. Kila akipita chumba cha nne alichungulia kwa hofu asije akamkuta Mwalimu sakafuni anatetemeka, lakini karatasi ilipendeza, hilo halina ubishi.

Siku ya nne daktari alikuja kupitia wagonjwa, mbio mbio kama kawaida yake. Akaona H tatu, akakunja uso. Hospitalini kwake, H ni "hataki". Akavuta kiti, akamsomesha Mwalimu: kifafa si mchezo, akianguka atavunjika nyonga, na ukaidi uzeeni haumfai mtu. Meneja pembeni alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Raha iliyoje kupata mkosaji asiye kwenye orodha ya wafanyakazi!

Mwalimu alisikiliza, mikono magotini. Maskini ya Mungu, siku hizi alikuwa akisahau hata majina ya wanawe, na mwenyewe alijua kwamba anasahau.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sikumbuki kukataa. Lakini kama imeandikwa, basi nilikataa."

Daktari alikwishatoa kalamu aifute dawa ile moja kwa moja. Muuguzi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Hajakataa, daktari," alisema. "Hatukumpa. Siku tatu."

Meneja alikohoa kile kikohozi chake cha kufukuza watu kazi. Daktari akaandika dawa nyingine, inayopatikana siku hiyo hiyo. Ilimchukua dakika moja. Dakika moja, jamani!

Mwalimu akamshika daktari mkono, akamwomba asimgombeze binti huyu, kwani kila asubuhi huja kumwona.

Ni kweli. Hakukosa hata siku moja, mikono mitupu.