Habari ya Kusema kwa Sauti ya Chini

Mzee Wato alipoteza masikio yake na mwanawe wa kiume katika wiki moja, lakini habari iliyomfikia ilikuwa ya masikio tu.

Alikuwa amelazwa hospitalini mjini Isiolo kwa homa ya uti wa mgongo, hajitambui, wakati mvua za mwisho wa mwaka zilipoujaza mto Ewaso. Dabaso, mwanawe, alikuwa malishoni Korbesa na mbuzi wa nyumbani. Aliingia majini kuwavusha wale waliobaki ng'ambo, maji yakamchukua. Watu wa huko walimpata chini ya kivuko, wakamswalia na kumzika papo hapo kwa sababu barabara ya kuja mjini ilikuwa imekatika. Habibo, dada yake, aliipokea habari hiyo kwa simu akiwa amesimama nje ya wodi, ameshika chupa ya uji.

Daktari alimwambia asimshtue mzee kabla hajapata nguvu. Kwa hiyo waombolezaji walienda Kulamawe, nyumbani kwa Jillo, mdogo wake Mzee Wato, na Habibo akabaki kando ya kitanda. Mzee alipopata fahamu, alimtazama binti yake midomo kwa muda mrefu.

"Mbona unasema bila sauti?" akauliza.

Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilibaki na kidogo: mtu akiliinamia na kupiga kelele, mzee alishika neno moja au mawili. Kusoma hakujua. Mambo mengine yote, chakula, swala, dawa, Habibo alimweleza kwa mikono.

Siku waliyorudi nyumbani Bulapesa, Habibo aliamua kumwambia. Aliinama kwenye sikio la kulia, akavuta pumzi. Nyumba yao ilikuwa ya mabati, imepakana na duka la Adan, na wateja walikuwa wamepanga foleni ya maziwa nje. Akajisikia tayari jinsi atakavyosikika: Dabaso amekufa, kwa sauti ya kuitia mbuzi, na mzee akiuliza "Nini?", na yeye akirudia kwa nguvu zaidi, mpaka mtaa wote ujue kwamba bado hajaelewa. Kwao habari ya msiba huletwa na watu wazima. Wanaketi, wanasalimu, wanauliza hali, halafu mmoja anaisema polepole huku mwingine amekushika mkono.

"Chai?" ndilo neno lililomtoka, kwa kelele.

"Ndiyo, niletee," akasema mzee.

Baba mdogo Jillo alikuja kutoka Kulamawe kujaribu. Alikaa na kaka yake asubuhi nzima, akakohoa, akamshika goti, akaondoka na machozi. Sheikh alisema jambo hilo ni la familia. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena. Watu walimpa mzee mkono msikitini na kuuachilia kwa kuchelewa, naye akadhani wanamwonea huruma kwa ajili ya masikio.

"Dabaso yuko wapi?" alikuwa akiuliza.

Habibo alinyoosha mkono upande wa Korbesa. Haukuwa uongo. Dabaso alikuwa huko.

Jioni moja mzee alimwomba simu. "Mpigie kaka yako. Mimi sitamsikia, lakini yeye atanisikia." Habibo alibonyeza namba iliyokuwa imezimwa tangu mafuriko, akamshikia baba yake simu mdomoni. Mzee alizungumza na mwanawe kwa furaha. Alimwambia asiwarudishe mbuzi kabla majani hayajaisha, amtazame yule jike mweusi anayechechemea, na aache kulala karibu na mto. Kila Ijumaa alimwomba sheikh amwombee kijana aliye malishoni arudi salama, na safu nzima ikaitikia amina.

Ni mhudumu wa afya wa mtaa aliyemwambia Habibo kwamba serikali ina fungu la kuwasaidia wazee kupata mashine za kusikia. Kuinunua wenyewe isingewezekana hata wauze mbuzi wote waliobaki. Habibo alimpeleka mzee kupimwa Meru, akarudi na karatasi za daktari, akaenda ofisini kwa Kobia, karani aliyeshughulikia maombi hayo.

"Daktari ameandika mzee anafaa kusaidiwa. Hiyo iko sawa, mama," Kobia alisema. "Lakini pesa za mwaka huu zimeisha. Itabidi mngoje Julai."

"Hawezi kungoja."

"Wote hawawezi. Kuna mzee wa Oldonyiro anangoja tangu mwaka juzi. Wenu ana haraka gani?"

Habibo aligeuka kuangalia kama mlango umefungwa. "Mtoto wake alikufa na hajaambiwa. Nataka nimwambie polepole."

Kobia aliweka kalamu chini. "Tangu lini hajaambiwa?"

"Tangu mafuriko."

"Na huwezi kumpigia kelele kidogo tu, aelewe?"

"Wewe ungeweza? Baba yako?"

Kobia alizitazama tena karatasi. "Hapa wananiuliza kama anaweza kujilisha, kama anaweza kwenda choo peke yake. Hiyo yako sijui nitaiandika wapi." Aliyasema bila ubaya. "Nitajaribu. Lakini nisikudanganye."

Julai ilifika, pesa hazikufika. Habibo alirudi ofisini mara nyingi, mpaka askari wa lango akaacha kumwuliza anakokwenda. Mvua nyingine zikaja na kupita. Siku moja alirudi kutoka sokoni akamkuta mzee amevaa kanzu safi, anamngoja Jillo ampeleke Kulamawe. Alikuwa amesikia, yaani alikuwa ameelewa kwa macho, kwamba binti wa rafiki yake mmoja amekua, na alitaka kumposea Dabaso.

"Amekaa porini sana. Akipata mke atarudi," alisema.

Habibo alijilaza mkekani, akashika tumbo na kujifanya mgonjwa ili safari isifanyike. Mzee alikaa karibu naye mpaka jioni, akimpepea kwa kilemba chake.

Simu ya Kobia ilikuja wakati wa kiangazi kilichofuata. Pesa zimepatikana, alisema. Mtaalamu wa masikio, jina lake Natabo, atakuwa Isiolo wiki hiyo. Habibo alimpigia Jillo, akampigia sheikh. Wakakubaliana: mzee akishavalishwa mashine, wao wawili watakuwa nyumbani wanamngoja, na watamwambia kama inavyotakiwa.

Natabo alikuwa msichana mpole wa Kiturkana. Aliingiza kile kitu kidogo katika sikio la kulia, akakirekebisha, kisha akasema, "Mzee Wato, habari yako?"

Mzee akaruka kwenye kiti. "Usipige kelele," akasema.

Natabo akacheka. Mzee naye akacheka, akashtuliwa na kicheko chake mwenyewe, akacheka tena. Alisikiliza feni. Alisikiliza mtu akiburuta benchi nje. Akamgeukia binti yake. "Sema kitu."

"Abba," Habibo akasema.

"Sauti yako inakwaruza sana. Ni mimi nimeiharibu kwa kukupigisha kelele."

Walitoka wakaketi kwenye benchi la ukumbini kungoja dawa za presha. Mzee alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama ndege. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe simu. Mpigie Dabaso. Leo nitamsikia."

"Tukifika nyumbani, Abba."

Mzee aliganda. Kwa muda wote ule alikuwa ameuona uso wa binti yake tu, na uso Habibo alikuwa amejifunza kuufunga. Sauti hakujifunza.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Baba mdogo anatungoja nyumbani, na sheikh."

"Sheikh anangoja nini nyumbani kwangu?"

Habibo alimshika mkono. Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa muda mrefu, jikoni, kisimani, ofisini kwa Kobia, na sasa hakuliona hata moja. Alisema tu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Dabaso aliingia mtoni na Mungu akamchukua.

Mzee alifumba macho. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Kisha akauliza, "Lini?"

"Ulipokuwa mgonjwa. Yale mafuriko."

"Yale. Jillo anajua?"

"Anajua."

"Adan wa duka?"

"Wote wanajua, Abba."

"Na pale msikitini, nilipokuwa naomba arudi salama?"

Habibo aliendelea kumshika mkono.

"Waliitikia amina," mzee akasema. "Mwanangu yuko kaburini anahitaji dua ya baba yake, mimi namwombea majani mazuri. Hata mara moja sikumwombea rehema."

"Nilitaka kukuambia polepole. Sikutaka kukupigia kelele jambo kama hilo. Ndiyo maana nikaitafuta hii mashine."

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwogopesha Habibo.

"Ungepiga kelele," akasema. "Hata sokoni. Hata watu wote wasikie. Ungepiga kelele, Habibo."

Muuguzi aliita jina la mzee kwa ajili ya dawa. Aliitikia mwenyewe, akainuka, akaenda dirishani bila kusaidiwa.

Nyumbani Jillo na sheikh walikuwa wameketi mkekani. Mzee Wato aliwasalimu, akawaambia ameshajua, akaomba apelekwe Korbesa. Aliondoka alfajiri na Jillo. Habibo alitaka kwenda naye, akaambiwa abaki aangalie nyumba. Huko mzee alikaa kaburini mpaka akaugua kwa jua kali, akawatafuta mmoja mmoja wale waliomtoa Dabaso majini, akawasikiliza.

Aliporudi alikuwa amekonda lakini ametulia. Alirudi msikitini. Alikaa dukani kwa Adan, akazungumza bei ya mbuzi na siasa za kaunti, na watu wakamsifia Habibo kwa kazi aliyofanya, wakamwuliza njia ya kuwaombea wazazi wao mashine. Aliwaelekeza kwa Kobia.

Lakini kila mara mzee alipofika kwenye mlango wa nyumba yake, alitoa mashine sikioni, akaifunga kwa kitambaa na kuitia mfukoni.

"Naogopa betri itaisha," alimwambia Habibo mara ya kwanza.

Betri za aina ile hazikupatikana Isiolo. Habibo aliagiza za kutosha kutoka Meru, akaziweka mbele yake pamoja na chai kabla hajaitoa mashine. Mzee alizitazama, akamshukuru vizuri, akamwombea kheri kwa Mungu. Kisha akatoa mashine sikioni, akaikunja katika kitambaa, akaonja chai na kusema imekosa sukari.

Habibo akainuka kwenda kuleta sukari.